Abu Raad Ataka Kuchekwa

Beirut ya miaka ile ya vita, bunduki haikumfanya mtu kuwa mkubwa. Bunduki kila mpumbavu alikuwa nayo. Mtu alianza kuhesabiwa siku Wadad Farhud alipobandika masharubu ya bandia, akapanda jukwaani kwenye ule ukumbi wa chini ya sinema iliyofungwa, akatembea kidogo tu, na watu wakaruka vitini wakipiga makofi: "Ni yeye! Wallahi ni yeye mwenyewe!" Hapo ndipo mji ulipojua kwamba bwana fulani amekuwa bwana fulani.

Na desturi ilikuwa moja, haina mjadala. Mwenye kuigizwa alikuja mwenyewe Alhamisi alasiri, akaketi safu ya mbele na mkewe, akacheka kuwashinda wote. Mchezo ukiisha, alipanda jukwaani akambusu Wadad mashavuni mara tatu mbele ya umati, na kesho yake akaleta maua. Aliyekasirika alikwisha. Kabla ya vita kulikuwa na waziri mmoja aliyenuna Alhamisi moja tu, na uchaguzi uliofuata inasemekana hata mkewe hakumpa kura.

Wadad alikuwa mjane mnene mwenye sauti nzito ya sigara, na miaka yote hiyo aliamini kwamba anawatoboa hao mabwana puto la majivuno yao. Wakubwa wa upande wake wa mji, wakubwa wa upande wa pili, wakubwa waliokuwa wakiuziana mafuta usiku na kurushiana makombora mchana, wote aliwafanyia kazi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru hao kila Alhamisi walivaa suti wakaja kumlipa kwa mabusu. Jambo hilo lingepaswa kumtia shaka, lakini mtu akipigiwa makofi huwa hasikii kitu kingine.

Aliyempigia kinanda alikuwa Ustadhi Anis, bwana mwembamba mwenye koti moja na maneno machache. Anis aliishi ng'ambo ya mstari uliougawa mji, na kitambulisho chake kilikuwa na dini isiyotakiwa upande huu. Hata hivyo, kila Alhamisi alivuka, mfuko mkononi, ndani ya mfuko biskuti za ufuta anazozipenda Wadad, na kila Alhamisi Wadad alimtukana kwa kuchelewa. Miaka ishirini wakigombana namna hiyo. Watu walisema mengi juu yao, na wao wenyewe hawakuwahi kusema lolote.

Alhamisi moja ya mwezi Machi Anis hakutokea. Wadad alicheza bila muziki, akasahau maneno mara mbili, akamaliza mapema, kisha akapanda ngazi mbio hadi kwenye tanuri la mkate la Warde. Kwa Warde ndiko habari zote zilikookwa.

"Wamemchukua," Warde alisema bila kuinua macho kwenye unga. "Pale kwenye kizuizi cha barabarani cha Abu Raad."

"Abu Raad ndiye nani?"

"Si Tanus! Tanus mziba pancha. Siku hizi anaitwa Abu Raad, Baba Radi."

Wadad alishika kiuno. Tanus! Yule Tanus wa kona, aliyewahi kumzibia tairi na kumwekea kiraka kilichobanduka kabla hajafika nyumbani! Alikuwa amejipatia mapipa mawili, sofa la wizi katikati ya barabara na vijana kadhaa wasio na kazi, akajitangaza mkubwa wa mitaa mitatu. Kweli, maskini akipata, matako hulia mbwata. Angecheka, lakini watu waliochukuliwa vizuizini miaka ile wengi wao hawakurudi, na waliorudi walirudi wamefunikwa shuka.

Asubuhi yake akaenda. Abu Raad alikuwa ameifanya ofisi kliniki ya daktari wa meno aliyekimbilia Kupro, na ndani ya kliniki hiyo alikikalia kile kiti cha wagonjwa. Kiti kilikuwa na pedeli. Wadad alipoingia, Abu Raad aliikanyaga, kiti kikalia kwii, kikampandisha juu kidogo kidogo hadi akawa anamtazama mgeni wake kutoka juu.

"Karibu, Bi Wadad. Nakungoja tangu jana."

"Tanus, Anis yuko wapi?"

"Abu Raad."

"Una mtoto anayeitwa Raad?"

"Sina mtoto."

"Basi umekuwaje baba yake?"

"Ni jina la kazi," alisema, akainua kidevu.

"Mimi pia nina majina ya kazi, baba. Ila nikimaliza kazi nayavua na masharubu yake."

Vijana wawili waliokuwa mlangoni walikohoa kuficha kicheko. Abu Raad akawatuma kahawa. Walipotoka tu, alikanyaga pedeli tena, kiti kikashuka kwii mpaka chini, na sauti yake ikashuka nacho.

"Kwa nini hunifanyi?" aliuliza.

"Nikufanye nini?"

"Unifanye! Jukwaani! Kama ulivyomfanya Nadim!" Nadim alikuwa mkubwa wa mitaa ya jirani. "Nadim ana mitaa minne, mimi mitatu. Tofauti ni mtaa mmoja, Bi Wadad, na mtaa wenyewe hauna hata duka! Lakini watoto wote wanamwiga Nadim anavyopiga chafya. Mama yangu, mama huyu aliyenizaa, anamwiga Nadim jikoni mwangu! Mimi nikipita, watu wananiuliza bei ya kuziba pancha."

Wadad alimtazama usoni, kisha mwili mzima, kama fundi cherehani anayetafuta pa kupimia. Hakuona kitu. Uso wa kawaida, sauti ya kawaida, mwendo wa mtu anayeenda dukani.

"Nadim ana chafya," alisema. "Wewe una nini? Kigugumizi?"

"Sina."

"Unachechemea?"

"Naweza kuchechemea."

"Mungu wangu!"

"Basi sema nimeiba bandarini. Wakubwa wote wameiba bandarini."

"Na wewe umeiba?"

"Hawakuniruhusu. Lakini wewe sema tu. Na wanawake, sema ninao wengi. Ila mke wangu usimtaje, ana wivu huyo, ataniua." Alijipangusa paji la uso. "Ustadhi wako hana shida. Anakula maharage yangu yote. Alhamisi nikiigizwa nitamleta mwenyewe, kwa mkono wangu. Nisipoigizwa, au watu wasipocheka, mimi sijui. Vijana wangu wana hasira."

Kutoka chini ya sakafu kikasikika kikohozi, na Wadad akakitambua. Miaka ishirini alikuwa akikilaani kikohozi hicho kwa kumharibia mizaha yake katikati. Safari hii alitamani kilale naye nyumbani ili ajue kipo. Akanywa kahawa iliyoletwa, kwa kuwa kuikataa ni vita vingine, akaenda zake.

Wiki ile hakulala. Alikuwa anaogopa, na alimwambia Warde hivyo hivyo: "Naogopa, Warde. Sijawahi kuogopa mtu mdogo namna hii." Akimvika Tanus kilemba cha ukoka, akimpa wizi asioufanya na wanawake asionao, watazamaji wangeona uongo wasicheke, na Anis ndiye angelipa. Akimkandamiza sana, Anis huyo huyo angelipa. Warde alimshauri ampe mwehu anachotaka. Kinyozi wa jirani alimshauri apande meli. Wadad alikaa mbele ya kioo na masharubu yake yote kumi na zaidi, akayajaribu moja moja, na hakuna hata moja lililomfaa Tanus.

Kisha siku ya Jumatano akakiona kiti cha kinyozi, kile cha kupanda na kushuka. Akasimama akikitazama. "Nikopeshe kesho," alisema.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Nadim alikuwa safu ya mbele, na mkewe, na chafya yake. Abu Raad aliingia ananukia kama duka zima la manukato, akaketi kando ya Nadim bila kualikwa. Kule nyuma kabisa, ukutani, Anis alisimama katikati ya bunduki mbili, ndevu zimemwota, koti lake halina vifungo.

Wadad alisukuma kiti jukwaani. Hakubandika masharubu. Alikikalia, akakanyaga pedeli, na wakati kiti kinapanda kwa taabu akainua kidevu na kuwatazama watazamaji kutoka juu. "Mimi ni Abu Raad," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Raad mwenyewe hajazaliwa." Kisha akashuka kwii, akanyong'onyea, akasihi: "Nifanyeni, jamani! Semeni nimeiba bandarini! Sijaiba, hawakuniruhusu, lakini semeni! Mnataka nichecheme? Nitachechema! Mguu upi?" Akapanda. Akashuka. "Nina mateka kule chini, mkubwa kweli kweli, anakula maharage yangu yote, ananifilisi!" Akapanda tena.

Watu walikuwa hoi. Mzee mmoja alianguka na kiti chake, na mkewe hakuweza kumwinua kwa kucheka. Yote aliyoyafanya Wadad yalikuwa kweli tupu, neno kwa neno kutoka kliniki ile, na kwa kuwa yalikuwa kweli kila mmoja aliona wakubwa wote humo ndani, wadogo na wanene.

Abu Raad alipauka. Mkono ukaanza kuelekea kwenye mkanda wenye bastola. Wadad aliuona, na sentensi ikamkatikia katikati. Lakini Nadim, machozi ya kicheko yakimtiririka, alimpiga Abu Raad kofi la mgongoni: "Umeingia, bwana wee! Umeingia kundini! Mimi aliponifanya mara ya kwanza nilitaka kumuua!" Mkono wa Abu Raad ukasita. Ukaacha bastola, ukapiga goti. Akacheka. Kwanza kwa meno tu, halafu kwa kelele, halafu akawashinda wote. Mwishowe alipanda jukwaani, akambusu Wadad mara tatu kwa midomo iliyolowa jasho, akaashiria nyuma, na bunduki zile mbili zikamwachia Anis.

Chumbani, nyuma ya pazia, Wadad alimwekea Anis glasi ya araki na bakuli la dengu. Anis hakugusa kitu. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Umecheza vizuri," alisema.

"Nimekutoa."

"Umenitoa, ndiyo. Mungu akuzidishie."

"Basi mbona uso huo?"

Anis alikohoa kwanza. "Walicheka sana pale kwenye maharage. Sahani ilikuwa moja kwa siku, Wadad, nasi tulikuwa watano. Wale wanne bado wako kule. Wao hawana rafiki mchekeshaji."

Wadad alihisi uso unamwaka kama aliyezabwa kibao. Wanne! Alimshika yule mshenzi mbele ya mji mzima, amebanwa na desturi, hana pa kukimbilia, angeomba chochote angepewa, akaomba mmoja. Hata kuuliza hakuuliza kama wapo wengine. Alikuwa anashughulika na kutafuta mguu upi unachechema.

Kesho yake maua yakaja, shada kubwa la makaburini lililobadilishwa utepe. Na mtaani, loo! Watoto walikuwa wamepata mchezo mpya: mmoja anachuchumaa, mwingine anasema kwii, wa kwanza anainuka na kidevu juu. "Nifanyeni, jamani!" Kwenye foleni ya mkate watu walimsifu. Walisema Abu Raad bwana ana moyo mpana, anajua utani, si kama wengine. Mtaa mmoja wa Nadim ulihamia kwake bila risasi kupigwa, ule ule usio na duka, na sasa alikuwa na minne. Wadad aliyasikiliza hayo akiwa na mkate mkononi, na mkate ukamshinda.

Alirudi kliniki siku hiyo hiyo.

"Alhamisi ijayo nakufanya tena," alisema. "Mrefu zaidi. Kwa wale wanne."

"Wanne wote? Chukua!" Abu Raad alipanda kwii kwa furaha. "Kwanza wananimalizia chakula. Ila uniweke mwisho, Bi Wadad, baada ya Nadim. Mkubwa huwekwa mwisho."

Ikawa hivyo. Anis alirudi kwenye kinanda kwa ajili ya wale wanne, akapiga bila kumtazama mtu. Watazamaji walicheka, mabusu yakatolewa, na wale watu wanne wakaletwa hadi mbele, macho yamebana kwa mwanga, mmoja hana viatu. Na unajua ukumbi ulifanya nini? Ulimpigia makofi Abu Raad. Ulisimama! Mwanamke mmoja alipaza sauti: "Mungu akuweke, Abu Raad, una roho ya huruma!" Mtu kaiba sufuria yako, kaipikia mwezi mzima, akirudisha unamshukuru kwa kuisugua. Wadad aliinama kama desturi inavyotaka, na kichwa kikiwa chini aliwatukana wote kimoyomoyo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Hata hivyo wanne walikuwa nje, kile chumba cha chini ya kliniki kilikuwa kitupu, na usiku huo kwa mara ya kwanza alilala.

Alhamisi ya tatu alikuwa anajipaka poda mlango ulipogongwa. Abu Raad aliingia na suti mpya, akimsukuma mbele yake bwana mmoja wa makamo mwenye miwani, amekumbatia furushi la karatasi.

"Huyu ni wa leo," alisema Abu Raad.

"Wa leo nini?"

"Wa kunifanyia. Si ndiyo bei yako? Kila Alhamisi watu."

"Ulimweka wapi huyu? Ulisema walikuwa wanne."

"Sikumweka popote, nimempata sasa hivi, pale kona." Abu Raad alikunjua mikono, uso wazi kabisa, bila hata chembe ya aibu. "Nimeishiwa, Bi Wadad. Kule chini hakuna mtu. Ningekujaje hivi hivi? Mkono mtupu haulambwi."

Yule bwana alirekebisha miwani. "Samahani, bibi," alisema kwa adabu. "Nilivuka kumwona dada yangu, anaumwa. Nilipitia mkate tu. Kama mnanihitaji kwa muda mfupi, naweza kungoja, ila naomba mtu ampelekee taarifa."

Wadad alinyoosha mkono akaligusa furushi. Karatasi ilikuwa ya Warde, anaijua. Mkate ndani yake bado ulikuwa wa moto.

Alikaa chini. Anis, kwenye kona yake, alikuwa ameacha kupanga karatasi zake za muziki na anamtazama. Hakumlaumu, na heri angemlaumu. Watu walikuwa wanakamatwa sasa ili wapatikane wa kuachiwa. Huyu mwenye miwani angekuwa nyumbani kwa dada yake saa hii, anamkatia mkate mgonjwa, lau Wadad Farhud hangekuwa mcheshi mno.

"Mwache hapa," alisema hatimaye. "Akae na Ustadhi kwenye kinanda. Wewe nenda kakae mahali pako."

"Utanifanya mrefu leo?"

"Leo utajiona."

Abu Raad alitoka akijitengeneza tai. Anis alisogea kwenye benchi la kinanda, akampisha mgeni na mkate wake. "Unataka kufanya nini?" aliuliza.

"Kazi yangu," alisema Wadad. "Piga wa Nadim kwanza. Halafu wa askofu. Halafu fuata mimi."

Alicheza siku hiyo kuliko siku zote. Alimfanya Nadim na chafya yake, akamfanya askofu anayebariki mizinga kisha anaulizia watoto wa watu, akamfanya balozi, akamfanya mke wa balozi. Kiti cha kinyozi kilikuwa nyuma ya pazia, kimefunikwa shuka. Kila muziki ulipobadilika Abu Raad alijisogeza ukingoni mwa kiti, akaunda uso wa kuchekwa, akangoja. Na kila mara alikuwa mwingine. Watu walianza kunong'ona: "Kiti! Leteni kiti!" Wadad hakuwasikia. Akamfanya hata mkuu wa posta, aliyekuwa amekufa zamani. Kisha akaja mbele, akainama.

"Asanteni sana. Nendeni nyumbani kabla makombora hayajaanza."

"Na mimi je?"

Abu Raad alikuwa amesimama. Wadad aliweka kiganja juu ya macho, akaangalia safu ya mbele kama anayetafuta meli baharini.

"Nani huyo? Ana tiketi?"

Ukumbi ukapasuka. Hakikuwa kile kicheko cha kila Alhamisi, chenye mapenzi ndani yake, kile cha kumkaribisha mtu kundini. Hiki kilimwacha nje ya mlango. Nadim hata hakugeuka kumtazama. Alikuwa anamsaidia mkewe kuvaa koti.

"Mimi! Abu Raad! Hunioni? Na wewe tulipatana! Nimekuletea mtu! Huyo hapo, mwenye miwani, nimemkamata kwa ajili yako!"

Waliokuwa karibu ndio walioacha kucheka kwanza. Walimwona yule bwana kwenye benchi la kinanda, furushi la mkate mapajani, miwani imepanda ukungu. Wakaelewa. Ukimya ukaenda ukirudi nyuma safu kwa safu, na baada ya hapo hakuna aliyempigia Abu Raad makofi wala aliyemzomea. Walichukua makoti yao. Walimpita kushoto na kulia wakiangalia ngazi, na mwanamke yule wa roho ya huruma alimpita pia.

Yeye akabaki katikati, amenuna. Amenuna mbele ya mji mzima! Hakupanda jukwaani, hakubusu mtu. Anis aliinuka, akamshika mkono yule mwenye miwani, na wote wawili wakatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa dada mgonjwa. Wadad alibaki peke yake na Abu Raad kwa muda mfupi, na alijua bastola ipo. Lakini aliendelea kukusanya masharubu yake na kuyaweka sandukuni, moja moja, mpaka aliposikia viatu vinapanda ngazi.

Jumamosi ukumbi uliungua. Viti, mapazia, sanduku la masharubu, kinanda cha Anis, vyote majivu, na kiti cha kinyozi kikabaki mifupa ya chuma. Wadad alisimama mlangoni akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama. Anis alichukua vibonyezo viwili vitatu vya kinanda vilivyosalia, akavifuta kwa leso, akavitia mfukoni mwa koti. Alimpa Wadad mfuko wake wa biskuti, naye akazila zote palepale kwenye masizi.

Jumatatu asubuhi Abu Raad alikuja kwa Warde kuvuna sifa. Aliegemea ukuta, bunduki begani, akangoja watu wanong'one. Nao walinong'ona kweli.

"Ni Nadim huyo," alisema kinyozi. "Ile chafya ilimfika."

"Nadim, nani mwingine?" alisema mwingine. "Moto mkubwa namna ile unataka mtu."

"Na jana nimemwona," alisema wa tatu. "Nimemuuliza, hakukanusha. Alitabasamu tu."

Abu Raad alijitoa ukutani. "Siyo Nadim," alisema.

"Nadim," alisema kinyozi, bila kugeuka.

"Ni mimi!" Aligonga meza ya Warde hadi unga ukaruka. "Mimi ndiye niliyechoma! Petroli yangu! Kiberiti changu! Waulizeni vijana wangu!"

Warde alimtazama, mikono yake imejaa unga mpaka viwikoni. "Wewe?" alisema, kwa upole kabisa. "Tulia, Tanus mwanangu, usijisingizie. Na kama una nafasi leo, gari langu la mkate lina pancha, tairi la nyuma."

Hakuna aliyecheka. Foleni ilisimama tu, ikatazama mkate. Wadad alikuwa nyuma yake Abu Raad, masizi bado kwenye kucha, na kwa siku mbili alikuwa amejiandalia matusi ya kumtapikia siku watakapokutana, matusi ya baba, ya mama, na ya Raad ambaye hajazaliwa. Bunduki ilikuwa karibu na pua yake, na aliogopa. Alitafuta yale matusi yote, akaona hata tusi ni zawadi.

"Agiza au upishe, Tanus," alisema. "Watu tuna njaa."

Akapisha.